Dirisha Nililoliziba

Mtu akistaafu, vijana humwuliza maswali mawili. La kwanza ni kama amejenga. La pili, ambalo huulizwa kwa adabu zaidi na baada ya chai, ni kama liko jambo katika kazi yake analolijutia. Swali la kwanza hujibika upesi, kwa sababu nyumba yangu wanaiona. La pili nimelijibu kwa mzaha miaka mingi. Nilikuwa nikisema kwamba najutia chaki nilizozimaliza bure mbele ya watu waliosinzia. Watu wakicheka, na mazungumzo yakihamia kwenye bei ya mbolea.

Sasa nimevuka miaka 75, na sioni vyema kuendelea na mzaha huo. Ninalolijutia ni dirisha. Au niseme kwa usahihi, kama inavyompasa mwalimu: najutia madirisha manne ya chumba cha Darasa la Pili, ambayo niliyaziba kwa matofali mwaka 1985, kwa nia njema kabisa.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi iliyo ubavuni mwa chuo cha ualimu, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Kwa msomaji asiyefahamu, shule ya mazoezi ni shule ya msingi kama nyingine, ila wanachuo wa ualimu huitumia kujifunzia kazi, kama vile madaktari wanafunzi wanavyojifunzia wodini. Kila jambo linalofanyika pale huonwa na macho mengi. Mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi akiwa na tabia mbaya, haibaki kwake; husambazwa mikoani na wanachuo wakimaliza masomo. Hilo nilikuwa nikiwaambia walimu wenzangu kila mwanzo wa muhula, wala sikujua kwamba nilikuwa nikijisema mwenyewe.

Anayezijua nyanda zile katika mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa baridi. Asubuhi ukungu hulala juu ya miwati na misindano mpaka saa nne, na upepo hupita katika shati kama hukuvaa kitu. Watoto wetu walikuja pekupeku, wengi wakiwa na shati moja jembamba na hawana sweta. Vioo vya madirisha vilikuwa vimevunjika tangu zamani. Miaka ile, wenye umri wangu watakumbuka, hata sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, sembuse vioo. Basi watoto wa Darasa la Pili walikaa wameshikana kama vifaranga, na walipoandika, herufi zao zilitetemeka. Mimi ni mzazi. Moyo uliniuma.

Nikaitisha kamati ya shule. Wazazi walichoma matofali, fundi mwashi akajitolea, na katika siku tatu madirisha manne ya upande wa upepo yalijengwa mpaka juu, likabaki tundu la tofali moja moja la kupitishia mwanga. Upande wa pili ulikuwa na mlango na dirisha moja dogo, na mlango tulikuwa tukiufunga. Chumba kikapata joto. Siku ya mkutano wa wazazi, mwenyekiti wa kamati alisimama akasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba mwalimu mkuu wetu ameziba ufa. Nilipigiwa makofi. Nakiri kwamba makofi yale niliyapenda.

Wiki chache baadaye ikaja surua. Mtoto mmoja alianza kwa mafua na macho mekundu, tukadhani ni baridi. Alikaa darasani siku tatu nne akikohoa, na upele ulipotokea wenziwe walikuwa wameshavuta hewa yake. Ndivyo surua ilivyo: mgonjwa huanza kuambukiza kama siku nne kabla ya upele kuonekana, na virusi vyake huweza kubaki katika hewa ya chumba hadi saa mbili baada ya mwenyewe kuondoka. Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba baada ya majuma mawili, daftari la mahudhurio la darasa lile lilijaa alama za kutokuwapo, na kwamba Darasa la Tatu, waliokuwa wakisomea chini ya mti kwa kuwa chumba chao hakikuwa na paa, walipungua kidogo tu.

Mganga wa zahanati alikuja kukagua. Alikuwa mtu mzima, mwenye maneno machache. Alisimama mlangoni pa Darasa la Pili, akavuta pumzi, kisha akaniuliza, “Mwalimu Mkuu, hiki ni chumba au ni chungu kilichofunikwa?”

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba watoto hawa wanahitaji joto, na kwamba kazi yake ni dawa na yangu ni shule. Akatikisa kichwa akaenda zake. Katika watoto wale, mmoja hakurudi. Alikuwa binti wa mpishi wa chuo, mtoto mpole aliyependa kufuta ubao. Surua ilimshukia kifuani ikawa nimonia. Tulipokwenda msibani, mama yake alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuja, na akanishukuru tena kwa kuwajengea watoto ukuta wa kuwakinga na baridi. Ndugu msomaji, maneno ya lawama husahaulika. Shukrani ile sijaisahau hadi leo.

Sisemi kwamba dirisha wazi lingemponya yule mtoto. Surua ni mwepesi wa kuambukiza kupita maradhi mengi tunayoyajua, na kinga yake ya kwanza ni chanjo, ambayo ilikuwapo nchini tangu miaka ya sabini lakini haikuwa imemfikia kila mtoto. Huenda angeugua uwanjani, au kisimani. Mimi nasema jambo dogo zaidi: nilichukua watoto ambao mmoja wao alikuwa na ugonjwa unaosafiri kwa hewa, nikawafungia hewa hiyohiyo waigawane. Matofali yale tuliyabomoa mwezi wa Oktoba, joto lilipoanza, wala si kwa kuwa nilikuwa nimeelewa kitu.

La kusikitisha ni kwamba hata baadaye sikuelewa. Nilihamishiwa chuoni kuwa mkufunzi, na kwa miaka mingi nilifundisha uendeshaji wa shule. Katika maandalio yangu ya somo palikuwa na sentensi moja: darasa liwe na mwanga wa kutosha na hewa safi. Wanachuo waliiandika, wakaikariri, wakaijibu katika mtihani wakapata alama. Hakuna aliyeniuliza hewa safi ni ipi, inaingilia wapi, na inatosha watoto wangapi. Na kama angeuliza, ningekuwa na taabu.

Nakumbuka mwanachuo mmoja, binti wa kutoka Pwani, niliyekwenda kumkagua katika mazoezi ya kufundisha. Kabla ya kuanza somo alifungua madirisha yote, moja baada ya jingine, na mlango akauegemeza jiwe. Upepo ukaingia, karatasi za zana zake zikapeperuka, watoto wakacheka, dakika tatu zikapotea. Nikampunguzia alama katika kipengele cha utulivu wa darasa. Alipouliza kwa heshima kosa lake ni lipi, nilimwambia kwamba mwalimu hodari huandaa mazingira kabla ya somo. Leo najua kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameyaandaa.

Kisha ikaja UVIKO-19. Shule zetu zilifungwa Machi 17, 2020, na shule za msingi zikafunguliwa tena Juni 29 mwaka huohuo. Katika shule ya kijijini kwetu, kama katika nyingine nyingi, tulipanga ndoo za maji tiririka na vibuyu chirizi langoni, na watoto wakanawa mikono mpaka ikachujuka. Kunawa mikono ni jambo jema, wala simkatazi mtu. Kumezuia matumbo mengi kuharisha. Lakini mtoto alikwisha kunawa, akaingia katika chumba chenye watoto 80 na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya vumbi. Tulilinda lango la mbele, na adui alikuwa akipita hewani.

Hatukukosea peke yetu. Mwishoni mwa Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe liliutangazia ulimwengu kwamba ugonjwa huo hausafiri kwa hewa, bali kwa matone mazito yanayoanguka karibu. Ilipofika mwaka 2021 ndipo lilipoandika wazi kwamba chembe ndogo zitokazo puani na kinywani huelea na huweza kumfikia mtu aliye mbali, hasa ndani ya vyumba visivyopitisha hewa. Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Mwenye kosa la matofali manne hawezi kumcheka mwenye kosa la tangazo moja.

Mapema mwaka 2021 tulizika sana, na mara nyingi tuliambiwa ni nimonia. Mmoja wa tuliowazika alikuwa rafiki yangu, mkufunzi mwenzangu wa hisabati. Baada ya kustaafu alikuwa akifundisha twisheni katika fremu ya duka: chumba cha mlango mmoja, hakina dirisha, watoto kama 30 wamebanana kwenye mabenchi, na pazia limeteremshwa ili wapita njia wasiwasumbue. Sijui ugonjwa aliupatia wapi. Lakini niliporudi kutoka makaburini niliukumbuka mlango wa Darasa la Pili, na yule mganga akivuta pumzi. Usiku ule nilianza kusoma. Binti yangu, ambaye naye ni mwalimu, alinitafutia makala na kunichapishia kwa herufi kubwa.

Nitaeleza niliyoyaelewa kwa lugha ya darasani.

Mtu anaposema, anapoimba au anapokohoa, hutoa vitu vya namna mbili. Viko vitone vikubwa ambavyo huanguka upesi, kama mvua. Na viko vidogo mno visivyoonekana, ambavyo hukauka na kuelea kama moshi. Mtu akivuta sigara kwenye kona moja ya chumba kilichofungwa, aliye kona ya pili ataisikia harufu baada ya dakika chache. Ndivyo pumzi ya mgonjwa inavyosafiri. Ukifungua madirisha ya pande mbili, moshi huondoka, ukiyafunga, hurundikana. Mmarekani mmoja, William Firth Wells, aliyaeleza haya tangu miaka ya thelathini ya karne iliyopita, na aliweka taa za mionzi ya kuua vijidudu katika madarasa karibu na mji wa Philadelphia. Surua ilipovuma mwaka 1941, watoto wa madarasa yenye taa waliugua wachache zaidi. Kisha mambo hayo yakasahaulika sana, kama sentensi yangu ya hewa safi.

Mwaka 1974 katika shule moja ya msingi huko jimbo la New York, mtoto mmoja wa darasa la pili alileta surua, ikawapata watoto 28 waliokuwa katika vyumba 14 tofauti. Wengi wao hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Ilionekana kwamba mitambo ya hewa ya jengo lile ilikuwa ikiichukua hewa ya chumba kimoja na kuigawa katika vingine. Niliposoma kwamba naye alikuwa wa darasa la pili niliiweka karatasi chini, nikatoka nje kidogo.

Sasa hesabu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mtu aliye ndani ya jengo apate lita 10 za hewa mpya kwa sekunde. Chukua darasa la mita 9 kwa 7, lenye kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 189. Wakikaa watoto 45, wanahitaji lita 450 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1,620 kwa saa. Maana yake hewa yote ya chumba kile ibadilike karibu mara 9 kila saa. Wakikaa 90, na ninyi mnajua kwamba hukaa 90, ibadilike mara 17.

Nilipopata jibu hilo nilikata tamaa, nikadhani lazima ziletwe mashine za fedha nyingi. Ndipo niliposoma habari za Lima, mji mkuu wa Peru. Watafiti walipima hewa katika wodi za hospitali za huko, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Walipofungua madirisha na milango, hewa ilibadilika kwa wastani wa mara 28 kwa saa. Vyumba vyenye mitambo ya hewa vilikadiriwa kubadilisha mara 12. Na vyumba vilivyofanya vizuri kupita vyote vilikuwa vya majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya mwaka 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa ya pande zinazokabiliana. Wazee wale walijenga hivyo kwa kuogopa kifua kikuu, wakati dawa yake haijapatikana. Sisi tulipopata dawa tuliona madirisha yao ni makubwa mno.

Kwa hiyo dirisha si kitu cha maskini ambacho mwenye uwezo hukibadilisha kwa kiyoyozi. Viyoyozi vingi tunavyoviona katika madarasa ya shule za kulipia huchukua hewa ileile ya chumba, huipooza, huirudisha palepale. Watoto wakifungiwa humo hupata ubaridi tu, hawapati hewa mpya. Feni ya dari nayo hukoroga tu, kama mwiko katika chungu. Isipokuwa madirisha yawe wazi, au feni iwekwe dirishani ikitazama nje ili iitoe hewa chafu. Kwa shule zenye umeme wa uhakika liko pia sanduku la kuchujia hewa, lililobuniwa Marekani mwaka 2020: vichujio vinne vya mraba huunganishwa kwa gundi ya karatasi kama kuta za sanduku, na feni huwekwa juu ivute hewa kupitia humo. Ni kazi ambayo wanafunzi wenyewe wanaweza kuifanya. Lakini huchuja virusi tu, halileti hewa mpya, na vichujio vyake hapana budi vinunuliwe tena.

Aidha, nisije nikaligeuza dirisha kuwa hirizi. Mwezi Mei 2021, katika wilaya ya Marin huko California, mwalimu mmoja ambaye hakuwa amechanjwa alikwenda kazini akijisikia vibaya, akadhani ni mzio wake wa kawaida. Darasa lake lilikuwa na madirisha yaliyofunguliwa na mashine ya kuchuja hewa, na watoto walivaa barakoa. Yeye alivua yake ili awasomee hadithi kwa sauti. Katika watoto 24, waliougua ni 12. Na katika wale 10 wa safu mbili za mbele, waliougua ni 8. Sisi walimu tuna majivuno ya kwenda kazini tukiwa wagonjwa, na tumekuwa tukisifiwa kwa hilo katika risala za kuagwa. Mimi nilisifiwa. Dirisha halimkingi mtoto wa mbele na mwalimu mgonjwa. Kwa hiyo mwalimu mwenye homa abaki nyumbani, chanjo ziendelee, na dirisha lifanye kazi yake.

Jambo moja lilinifariji. Mwishoni mwa mwaka 2021, kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19, nchi yetu ilijenga madarasa 15,000, ya sekondari 12,000 na ya shule shikizi 3,000. Binti yangu alipata chumba kipya. Nilikwenda kukiona, nikafurahi, nikakaa katika dawati kama mwanafunzi. Kisha nikajaribu dirisha. Lilikuwa la aluminiamu la kusukuma, zuri sana, na ukilisukuma mpaka mwisho kioo kimoja hufunika kingine, hivyo nusu ya dirisha haifunguki kamwe. Sikulaumu. Nilimwambia tu binti yangu: mwanangu, hapa fundi amekupa nusu dirisha, basi usifunge hata kidogo cha nusu hiyo.

Nimalizie kwa lililonifanya niandike. Septemba 2022 nilialikwa kwenye mahafali ya Darasa la Saba katika ile shule ya mazoezi. Mwalimu mkuu wa sasa nilimfundisha chuoni. Alinipokea kwa shikamoo ya heshima, akanitembeza. Tulipofika Darasa la Pili nilisimama. Madirisha manne ya upande wa upepo yalikuwa yamejengwa kwa matofali mpaka juu, likabaki tundu la tofali moja moja. Ndani kulikuwa na ile harufu ambayo kila mwalimu anaijua, ya jasho, udongo na pumzi. Watoto wawili walikuwa wakikohoa.

Nikamwuliza, “Mwalimu, nani aliyaziba haya?”

Akajibu kwa fahari, “Ni mimi, Mzee, mwaka jana. Baridi ilikuwa inawaua watoto. Nawe ulitufundisha kwamba mtoto anayetetemeka hajifunzi. Wazee wa hapa waliniambia kwamba hata wewe ulifanya hivyo enzi zako.”

Nilikosa la kusema. Kilichosambaa kutoka kwangu hakikuwa ile sentensi ya hewa safi. Ni matofali. Nilimwomba tukae ofisini kwake, tukafunga mlango, nikamweleza yote: surua, mganga, chungu kilichofunikwa, binti wa mpishi, na shukrani za mama yake. Nilikuwa sijamweleza mtu mwingine ila mke wangu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilipaswa kulijibu mwaka 1985: “Sasa, Mzee, baridi tutaifanyaje?”

Swali hilo ni la haki, na mtu yeyote anayehubiri madirisha bila kulijibu anapoteza muda wa watu. Tulilijibu hivi. Tulimwita mwashi, akaondoa kozi tano za juu katika kila dirisha, akajenga badala yake tofali za matundu na kuweka wavu. Sehemu ya chini, iliyo usawa wa migongo ya watoto, tuliiacha imezibwa. Hewa baridi ikiingilia juu huchanganyika kwanza na joto la chumba kabla ya kuwashukia, na upande wa pili tulipanua kile kidirisha kidogo, ili hewa inayoingia ipate pa kutokea; kwani tundu la upande mmoja tu ni kama mlango wa mtego. Kila kipindi kikiisha, mlango na dirisha hufunguliwa wazi na watoto hutoka nje dakika tano wakaruka. Jua likitoka, kusoma na kuimba hufanyika chini ya mti. Na kamati ya shule, badala ya kununua vioo, ilikubali kuchangia masweta kwa watoto wasio nayo. Mtoto hupashwa joto kwa sweta, si kwa pumzi ya mwenzake.

Gharama yake yote haikufika bei ya mbuzi wawili, ukiondoa masweta. Siwezi kukuambia kwamba tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekohoa. Wanakohoa, ni watoto. Nakuambia tu kwamba nilirudi mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya misindano, nikasimama mlangoni pa Darasa la Pili kama alivyosimama yule mganga, nikavuta pumzi. Hapakuwa na harufu. Watoto walisimama wote na masweta yao ya rangi mbalimbali, wakanisalimu kwa sauti moja, “Shikamoo, Babu Mwalimu!”

Nikawaitikia marahaba. Kisha nikamwomba mwalimu wao, kama hataona vibaya, anipe dasta nifute ubao.